Bei ya Milimita

 

Juma hili tumepata ujumbe wa msikilizaji anayefanya kazi ya karatasi za duane, yaani forodha, hapa Kasindi, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda. Anasema amechongewa meza ya mvule, pana, yenye droo tatu na miguu ya kutulia, na kila anayeingia ofisini kwake anaipapasa na kuisifu. Lakini pembeni mwa meza hiyo kuna kompyuta ya mtumba. Kasha lake ni la bati jeusi, limechubuka, na ubavu wake mmoja umefungwa kwa waya. Ndugu yetu anauliza mambo mawili. Kwanza, seremala anaweza kumtengenezea kasha la mbao lifanane na meza? Pili, kuweka mbao karibu na umeme si kuuita moto?

Nimjibu upesi asilale na wasiwasi. Kasha la mbao linatengenezeka. Moto hautaingia, mradi fundi ashike masharti machache nitakayoyataja. Lakini nisingechukua muda wenu kwa ajili ya ofisi ya mtu mmoja. Swali lake linatuhusu sisi watu wa barabara hii kuliko wengi: mbao zinazopita mbele ya macho yetu kila siku, sisi tunazifanyia nini?

Maana zinapita, bwana. Zinatoka Mambasa kule Ituri, zinatoka misitu ya upande wa Beni, zinashuka kwa barabara ya taifa namba 4 mpaka hapa, zinavuka kwenda Uganda, na nyingine haziishii huko, zinafika Kenya. Mvule unapita. Libuyu, ambayo wanunuzi wa ng'ambo huiita mahogani, inapita. Zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo hukohuko msituni, bado zina maji, zimehesabiwa kwa idadi na kulipiwa kwa idadi. Kisha kwa mpaka huohuo tunaziona meza za ofisi zikiingia ndani ya maboksi. Hizo zimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, na juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mistari ya mti. Tunauza mti na kununua picha yake.

Sikatai biashara ya mbao. Watoto wengi wa hapa wamesomeshwa na biashara hiyo. Ninachosema ni kwamba ubao mtupu una bei ya ubao, na bei hiyo anaipanga mnunuzi. Kuna bei nyingine, ambayo anaipanga fundi mwenyewe, nayo ni bei ya milimita. Hiyo ndiyo malipo ya kukata kitu kiingie mahali pake bila kulazimishwa na bila kuacha mwanya. Meza humsamehe fundi: mguu mmoja ukipungua, unaupachika kipande cha kadibodi na maisha yanaendelea. Kitanda humsamehe pia. Kompyuta haina msamaha huo. Tundu la skrubu likipotea milimita mbili, kadi haiingii, na mteja hakulipi. Ndiyo maana nalipenda swali la ndugu yetu. Kasha la kompyuta ni kazi ndogo, lakini linampima seremala kuliko kabati la ukuta mzima.

Wengine watasema haya ni mambo ya kigeni, mbao na elektroniki wapi na wapi? Waulizeni wazee. Redio za zamani, kabla plastiki haijaenea, zilikaa ndani ya makasha ya mbao yaliyopakwa vanishi, na mwenye nayo alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani. Kipanya cha kwanza cha kompyuta, kile walichokiunda Douglas Engelbart na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa kipande cha mbao kilichochongwa, chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Mwaka 1976 Steve Wozniak aliunda kompyuta iliyoitwa Apple I. Ziliundwa kama 200 hivi, na ziliuzwa zikiwa ubao wa umeme mtupu, bila kasha, bila kibodi, bila skrini. Wanunuzi walijitafutia kasha wenyewe, na baadhi yao walitengenezewa la mbao. Leo chache zilizobaki zinauzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya dola, na zile zenye makasha ya mbao zimo.

Kwa hiyo bati na plastiki havikushinda kwa sababu mbao zilikuwa mbaya. Vilishinda kwa sababu kiwanda kinataka kutoa maelfu ya makasha yanayofanana, na mti haufanani na mwenzake. Na mitindo huzunguka. Mwaka 2022 kampuni moja ya Uswidi, Fractal Design, ilitoa kasha inaloliita North. Mwili ni chuma, lakini mbele kuna fito za mbao za walnut au mwaloni, na hewa inapita katikati ya fito hizo. Watu wamelipenda sana, na wanacholipendea ni fito chache za mbao. Sisi tuna mvule.

Sasa twende kazini. Swali la msikilizaji nililipeleka kwa fundi mmoja wa hapa Lubiriha, mzee wa kazi, ambaye atelie yake utaijua kwa lundo la vumbi la randa mlangoni.

"Papa fundi," nikamwambia, "kuko mtu anataka sanduku ya ordinateri, ifanane na meza yake."

Hakuinua macho. "Meza ilichongwa wapi?"

"Butembo."

"Basi aniletee kipande cha mbao ile, hata kidogo. Na ordinateri yenyewe ailete. Mimi sipimi kitu kwa mdomo."

Humo mna mafundisho mawili, na mimi nitayafungua moja moja.

La kwanza ni la rangi. Mvule uliopigwa randa leo una rangi ya manjano. Ukikaa kwenye mwanga kwa miezi kadhaa hugeuka kahawia, ile rangi ya dhahabu nzito tunayoipenda. Sasa mteja mwenye haraka anataka kasha jipya lifanane na meza ya zamani siku ileile anayolichukua. Fundi mwenye haraka kama yeye anapaka rangi ya kahawia, vinalingana, wanapeana mikono. Baada ya mwaka mbao chini ya rangi imeendelea kukolea, na kasha limekuwa jeusi kuliko meza. Fundi mzoefu hapaki. Anamwambia mteja ukweli: leo havitafanana, vipe muda vitakutana.

Lililo bora zaidi ni kuagiza meza na kasha kwa pamoja, kutoka ubao mmoja. Tazameni cherehani ya kukanyaga ya fundi nguo pale sokoni. Hakuna aliyenunua mashine leo na kesho akatafuta meza ya kuiwekea. Meza imekatwa tundu la mashine hiyo, mkanda unajua pa kupitia, droo zimekaa mahali ambapo goti halizigusi. Meza ya kompyuta nayo ingefikiriwa hivyo. Kabla ya kukata chochote, fundi aulize: kasha litakaa juu au chini? Kushoto au kulia? Nyaya zitashukia wapi? Akishajua, anaweza kukata ubavu wa kasha na uso wa droo kutoka ubao uleule, mistari ya mti ianzie kwenye droo na kuendelea kwenye kasha kama vile hakuna kilichokatwa. Hapo ndipo vitu viwili vinafanana kweli. Rangi ya dukani haiwezi kuleta hilo.

Fundisho la pili ni la vipimo. Wenye viwanda vya kompyuta walikubaliana zamani juu ya ukubwa wa ubao mkuu wa umeme, ule unaobeba kila kitu. Mpango unaoitwa ATX ulitolewa na Intel mwaka 1995, na ubao wake una milimita 305 kwa 244. Mdogo wake, micro-ATX, ni 244 kwa 244. Mdogo kabisa, mini-ITX, ni 170 kwa 170. Matundu ya skrubu yana mahali pake, na hayajahama kwa miaka 30. Maana yake ni kubwa: kasha la mvule lililotengenezwa vizuri leo litapokea ubao wa leo, na huu ukifa litapokea utakaofuata. Mashine zitapita, kasha litabaki.

Lakini tahadhari. Kompyuta nyingi za mtumba tunazozipokea zilitoka maofisini Ulaya na Asia, na kampuni zilizoziunda hujipangia vipimo vyao wenyewe. Kisanduku cha usambazaji wa umeme kina umbo lake, waya wa kitufe cha kuwashia una kichwa chake. Ndiyo maana mzee alisema hapimi kwa mdomo. Kampuni ikishabadilisha kitu kimoja, vipimo vya kitabuni havikusaidii. Mashine yenyewe iwe mezani.

Nikamkuta siku nyingine amepata kasha la bati lililokufa. Alitoboa ripiti zake kwa kekee moja baada ya nyingine, akatoa bamba la ndani ambalo ubao wa umeme hufungwa juu yake, akatoa na bamba la nyuma lenye matundu ya plagi. Hayo mawili ndiyo aliyoyataka, mengine akayasukuma kando. Akalilaza bamba juu ya mbao, akachukua kisu chenye ncha kali, akachora ukingo wake. Nikauliza kwa nini asitumie penseli. Akanionyesha mstari wa penseli aliokuwa amechora pembeni. "Huu una upana," akasema. "Nikate upande gani wake?" Mstari wa kisu hauna upande. Msumeno unaingia palepale.

Hapo ndipo siri ya kasha la mbao ilipo, wasikilizaji: nje mbao, ndani chuma. Na chuma hicho tunacho tayari kwenye makasha mabovu yanayotupwa. Msijaribu kutengeneza mgongo wa kasha kwa ubao. Ubao wa sentimita mbili una milimita 20, na ulimi wa plagi ya USB una kama milimita 12. Plagi itazama ndani ya tundu na haitagusa kitu. Mgongo lazima uwe bati jembamba, na bati hilo limeshatobolewa kiwandani kwa vipimo ambavyo sisi tungehangaika navyo siku nzima.

Chuma kina kazi nyingine, na mtu wa redio lazima aitaje. Kompyuta hutoa kelele ya umeme ambayo sikio halisikii, lakini redio inaisikia, hasa kwenye masafa ya kati na mafupi. Kasha la bati huizuia kelele hiyo. Mbao haiizuii hata kidogo. Basi ukitengeneza kasha la mbao tupu na kuweka redio kando yake, mtangazaji wako atasema huku akikoromewa. Weka bati la alumini upande wa ndani, kisha uunganishe vipande vyote vya chuma kwa waya: bati, bamba la ubao wa umeme, na mwili wa usambazaji wa umeme ambao umeunganishwa na waya wa ardhi wa plagi. Kwenye kasha la chuma muungano huo hupatikana wenyewe, kwa sababu kila kitu kinagusana. Kwenye mbao lazima uutengeneze kwa mkono. Fundi akiusahau, siku kitu kikiharibika ndani, chuma kinaweza kumpiga mtu umeme. Na kama nyumba yako haina waya wa ardhi, tengeneza hilo kabla ya kuwaza mvule.

Tuje kwenye moto. Mbao huanza kushika moto kwenye joto la nyuzi 250 hadi 300. Moyo wa kompyuta ukikaribia nyuzi 100, mashine hujipunguza kasi au kujizima yenyewe. Kwa hiyo joto la kawaida la kompyuta haliwezi kuwasha ubao. Kinachoweza kuwasha ni waya uliochubuka, usambazaji wa umeme wa bei ya kutupa, na vumbi lililolala juu ya kila kitu. Hivyo vitatu huwasha nyumba hata kasha likiwa la bati. Tumieni pesa kwenye usambazaji mzuri wa umeme kabla ya vanishi.

Tatizo halisi la mbao ni kwamba hazipitishi joto vizuri. Bati likipata joto ndani, linatoa kidogo kwa nje. Mvule unalifungia. Kwa hiyo hewa lazima ipitishwe, na hapa Kasindi, chini ya bonde, si mbali na Ziwa Edward, hewa yenyewe inaingia ikiwa na joto. Kanuni si ngumu: hewa iingie mbele chini, itokee nyuma juu, kwa sababu joto hupanda lenyewe. Feni ya kawaida ina milimita 120. Duara la upana huo lina eneo la sentimita za mraba 113, basi njia ya hewa isipungue hapo. Ukipanga fito mbele na kuacha nafasi ya sentimita moja kati ya fito na fito, kila nafasi ikiwa na urefu wa sentimita 30, nafasi moja inakupa 30. Nne zinakupa 120. Umeshapita.

Lakini mmesahau vumbi. Barabara yetu mnaijua, na malori yanayongoja kuvuka mnayajua. Nyuma ya fito hizo lazima pawe na wavu mwembamba, ule wa madirishani wa kuzuia mbu unatosha, na uwe kwenye fremu ndogo inayochomoka ili uoshwe kila juma. Wavu unapunguza hewa, kwa hiyo badala ya nafasi nne fanya sita au saba. Kasha ambalo wavu wake hauchomoki litaoshwa siku ya kwanza tu.

Jambo la mwisho la kazi, na ndilo linalowaangusha wengi, ni maji yaliyomo ndani ya mbao. Lori likishusha mbao hapa, mbao hizo bado zinakauka. Ubao ukikauka hupungua kwa upana, na kwa urefu ni kama haupungui. Ubavu wa kasha wenye upana wa sentimita 40 ukipungua kwa asilimia moja, umepoteza milimita 4. Ulifunga vizuri Butembo kwenye baridi na ukungu, ukaushusha Kasindi kwenye jua, na baada ya miezi miwili kona zimefunguka na ubao umepasuka katikati. Mikaratusi tuliyoipanda kwenye vilima vyetu ni hatari zaidi. Hujipinda na kupasuka usipoikausha taratibu, na mimi nisingeitumia kwa kazi hii.

Dawa yake mafundi wa milango wanaijua tangu zamani. Usigundishe ubao mpana pande zote. Tengeneza fremu yenye mfereji, paneli ikae ndani ya mfereji bila gundi, iwe huru kupanuka na kupungua. Au tumia tripleksi kwa mbavu, ambayo haihami sana kwa sababu tabaka zake zimepishana, halafu pembeni weka fito za mvule. Vanishi ipakwe nje na ndani, si nje peke yake, la sivyo upande mmoja utakunywa unyevu kuliko mwenzake na ubao utajikunja. Chini weka vipande vya mpira wa tairi, feni isitikise meza. Na fundi ajifunge kitambaa puani anapopiga msasa, kwa sababu vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Awe mwangalifu na msumeno pia: ndani ya mvule mara nyingine mna mawe meupe magumu, ambayo mti wenyewe huyatengeneza, nayo hula meno ya msumeno.

Nasikia kijana mmoja huko akisema: mzee, nani bado ana kompyuta ya mezani? Kila mtu ana ya kupakata au simu. Njoo mpakani, kijana. Karatasi za forodha za DGDA zinapita kwenye mfumo wa kompyuta wa Sydonia, vibali vinapita kwenye dirisha moja la SEGUCE, na mtu anayejaza fomu kutwa nzima anataka skrini pana na kibodi isiyomvunja vidole. Nenda kwenye vibanda vya kupiga chapa na fotokopi. Pale kuna mashine ya mezani kwa sababu ikiharibika unabadilisha kipande kimoja badala ya kununua nyingine nzima. Kwa mtu wa namna hiyo, kasha lenye maisha marefu lina maana.

Mwingine atasema ni zito. Kweli. Kasha la mvule wa milimita 20, lenye urefu wa sentimita 45, upana wa 20 na kina cha 40, lina uzito wa kama kilo 8 kabla hujaweka kitu. Likae mahali pamoja. Meza nayo huwa hatutembei nayo.

Lakini hesabu hiyohiyo inanipeleka kwenye jambo kubwa. Kilo hizo 8 ni mbao kiasi gani? Ni kama sehemu elfu kumi na mbili kati ya milioni za mita moja ya ujazo, yaani mita moja ya ujazo ina makasha zaidi ya 80. Tuseme nusu nzima inaishia kuwa taka na vumbi la randa, bado una makasha 40. Sasa linganisheni pesa ya makasha 40 na pesa ya mbao zilezile zilizovuka kwa lori zikiwa mbichi. Sitawatajia bei, kila mmoja wenu anaijua ya kwake. Ninachowaomba mkitazame ni hiki: kazi nyingi juu ya mbao kidogo. Misitu ya Beni tunajua imewagharimu nini watu wetu, na tunajua kwamba kuna mahali msituni ambapo mtu hawezi kuingia bila kuhofia maisha yake. Mti unaotoka huko usigeuzwe kuwa hesabu ya vipande tu.

Na milango inaanza kubadilika. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama uliingiza akaju ya Afrika, ile jamii ya Khaya, kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Anayeishi kwa kuvusha ubao mtupu ataulizwa karatasi zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Upande mwingine, nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2022. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, Marais Tshisekedi na Museveni walizindua hapa mpakani mradi wa barabara ambao ndani yake mna kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Barabara nzuri itaharakisha chochote kilicho juu ya lori. Kama tuna mbao mbichi peke yake, itaharakisha mbao mbichi.

Ninyi walimu wa shule za ufundi za Butembo na Beni, nawapa ombi moja. Mnao wanafunzi wa useremala chumba hiki, na wa umeme chumba kile, nao hawajuani. Wapeni kazi ya pamoja mwisho wa mwaka: kasha moja la kompyuta, wawili wawili, mmoja wa mbao na mmoja wa umeme. Msiwapimie uzuri peke yake. Washeni mashine saa nzima kwenye joto la mchana, mguse kwa mkono hewa inayotoka nyuma. Kisha waambieni wafungue kasha, watoe ubao wa umeme, waurudishe bila kutumia nyundo. Atakayefaulu hapo ataweza kutengeneza droo ya duka la dawa, kasha la betri za sola, sanduku la vipimo vya maabara. Hizo ndizo kazi ambazo leo tunaziagiza mbali.

Nanyi mafundi, andikeni fakture, yaani ankara, kwa mistari miwili. Mstari wa kwanza, mbao. Mstari wa pili, kazi. Msivichanganye. Mteja akiona namba moja tu ataamini analipia ubao, atakwambia ubao fulani sokoni ni kiasi fulani, na mtabishana mpaka jioni. Akiona mistari miwili ataona kwamba mbao ni sehemu ndogo, na kwamba alichonunua ni siku zako, kisu chako na jicho lako. Atalalamika, hilo ni la kawaida. Lakini atakuwa analalamika juu ya kitu sahihi, na wewe utakuwa na jibu: muonyeshe kona.

Ndugu yetu wa karatasi za duane, jibu lako umelipata. Tafuta kipande cha mbao ya meza yako, beba mashine yako, nenda kwa fundi, na ukifika usimuulize ubao ni kiasi gani. Muulize kazi itachukua siku ngapi, kisha mpe hizo siku.

Maswali yenu kuhusu mbao, vanishi au umeme yaleteni hapa kituoni, tutayajibu juma lijalo.